Shajara ya mradi: njia ya baiskeli ya familia kwenye machimbo ya zamani, Sekenke

Hii ni shajara ya njia ya baiskeli tunayoitengeneza sisi wazazi huku chini ya mlima Sekenke, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Naiandika kwa ajili ya wazazi wa sehemu nyingine zenye machimbo yaliyoachwa, iwe Geita, Chunya, Mpwapwa au popote, maana watoto wanaenda kucheza huko huko hata ukiwakataza, sasa bora wawe na njia inayojulikana na mtu mzima anayewafuata. Ntakuwa naongeza hatua ikiisha. Mambo ya kawaida nayapita haraka, palipotusumbua ndo nakaa.

8 Juni 2025: Kuipita njia kwa miguu

Shule zimefungwa, tumeanza. Kabla ya baiskeli yoyote tumeipita njia yote kwa miguu, watu wazima peke yetu, na daftari.

Anayelijua eneo anajua barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inavyoteremka huu mlima kwa kona kali, afu malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita usiku na mchana, breki zinanuka mpaka chini. Kwa hiyo sheria ya kwanza tuliyoandika: baiskeli yenye mtoto haikanyagi lami hata mita moja. Kwa bahati nzuri chini ya mlima ni tambarare inayoelekea bonde la Wembere, njia za ng'ombe zipo tayari, ngumu na pana, mtoto wa miaka saba anaendesha mwenyewe bila shida.

Katikati hapo ndo kuna machimbo ya zamani. Wajerumani walianza kuchimba Sekenke mwaka 1909, mgodi wa dhahabu wa kwanza kufunguliwa nchi hii, wakaja Waingereza, afu wachimbaji wadogo, na pande nyingine wapo mpaka leo wanafanya kazi zao. Huko kwenye kazi hatuendi. Sisi tunapita yaliyoachwa, na kilichobaki ni milima ya vifusi, mawe yenye mishipa myeupe ya kwatsi, misingi ya zege, marundo ya kijivu ya marudio, yaani ule mchanga uliosagwa ukabaki baada ya dhahabu kutolewa, na maduara, mashimo ya wachimbaji.

Tatizo kubwa la leo lilikuwa kuvuka lami, maana nyumba nyingi ziko upande mmoja na machimbo upande wa pili. Tulifikiria mtu asimame na kitambaa chekundu asimamishe magari, tukaacha, lori linaloshuka na mzigo halisimami kwa kitambaa. Mchunga ng'ombe mmoja ndo alitutoa, akasema mbona sisi tunapita kwenye kalavati. Kweli, kuna kalavati kubwa la zege, mtu mzima unapita umeinama kidogo huku unakokota baiskeli, kiangazi ni kavu kabisa. Utaratibu wake ni kwamba mtu mzima anatangulia na tochi na fimbo kuangalia nyoka, watoto wanasubiri nje mpaka waitwe.

Njia nzima ni mduara wa kilomita 9 hivi. Gharama mpaka sasa hamna.

22 Juni: Ruhusa, na mzee wa mtaimbo

Ruhusa ilikuwa rahisi kuliko tulivyofikiri. Tulienda kwa mtendaji wa kijiji, akaitisha kikao na mwenyekiti wa kitongoji, wakatuelekeza tumuone na mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, kwa sababu eneo linaweza kuonekana pori kumbe lina leseni ya mtu na ana haki ya kujua nani anapita. Akakubali kwa masharti mawili: tusiokote mawe, tusipite usiku. Tukaandika, tukasaini. Mnaotaka kuiga msiruke hii hatua.

Kazi yenyewe ilikuwa maduara. Kwa wasiojua, duara ni shimo la mchimbaji, linashuka wima, la zamani halina ukingo wala uzio, majani yamelifunika, na matimba yaliyokuwa yanashikilia kuta yameoza. Hatukutaka kubahatisha, tukamtafuta mzee aliyechimba hapa enzi za ujana wake. Alikuja na mtaimbo, akawa anatembea mbele yetu anagonga ardhi kila hatua chache. Sehemu nzima mtaimbo unalia kavu, kwi, unarudi mkononi. Afu akafika sehemu moja nyasi zimeota vizuri tu, sisi tungepita bila wasiwasi, akagonga, sauti ikawa nzito, inakaa ndani. Akatuambia tusimame. Akasema, "Wanangu, hapa chini kuna njia tuliyokuwa tunafuata mwamba. Shimo liko kule, lakini tumbo lake liko hapa."

Hilo ndo jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike. Mdomo wa duara unauona, ila mchimbaji akishafika chini anafuata mwamba kwa pembeni, kwa hiyo hatari haiishii mdomoni. Njia yetu tumeihamisha ikae mbali na tumbo, mbali na mdomo, popote mtaimbo ulipolia vibaya hatupiti, hata kama ni kuzunguka mita mia mbili.

Maduara tuliyoyakuta karibu na njia tumeyazungushia matawi ya mgunga, kama zizi. Posho ya mzee na vijana wawili waliokata miti: 90,000.

6 Julai: Kisigino na spoku

Baiskeli. Wengi wetu tuna zile za Phoenix na mtumba za Kijapani, mtoto mdogo anakaa nyuma kwenye keria. Na mtoto wa kwenye keria anaumia sehemu moja kuliko zote, kisigino. Mguu unaning'inia, anasinzia au anageuka kumwangalia mwenzake, mguu unaingia kwenye spoku, tairi linauvuta mpaka kwenye fremu. Huku karibu kila ukoo una mtu mwenye kovu la hivyo, na wapo waliovunjika kabisa. Tulikubaliana hakuna mtoto anapakiwa kabla hilo halijatatuliwa.

Jaribio la kwanza: wavu wa kuku, tukaufunga kwa waya pande zote mbili za tairi la nyuma. Ulionekana vizuri pale kwa fundi. Barabarani, mtoto akiukanyaga unabonyea, unagusa spoku, na ncha za waya zinachana miguu. Ukatolewa siku hiyo hiyo.

Jaribio la pili: bati. Zito, linapiga kelele kama debe, na kingo zake zinakata. Likaachwa.

Kilichokubali ni dumu. Lile la njano la lita 20 la mafuta ya kula, lililopasuka halifai tena maji, linauzwa 2,500 hapa mtaani. Unakata mashavu yake mawili yale mapana, unayapasha moto kidogo yanyooke, unatoboa matundu, unafunga kwenye keria na kwenye mhimili wa nyuma kwa waya wa kufungia nondo, ncha zinaangalia ndani. Ni jepesi, halikati, mtoto akikanyaga linarudi. Fundi alichaji 5,000 kwa kufunga. Afu vikanyagio, vipande vya nondo vilivyochomelewa chini ya keria, 6,000 jozi, ili mguu uwe na pa kukaa, maana mguu wenye pa kukaa hauendi kutafuta. Mkanda ni wa begi la shule, kiunoni.

Kwa kina mama: kipande cha dumu kinachobaki kinatosha kufunika cheni. Kanga au sketi ikiingia kwenye cheni unaanguka na mtoto wako nyuma. Kifunikeni.

20 Julai: Mbigili

Ile boma ya mgunga tuliyoisifia Juni imetuangusha. Mbuzi wameipita, upepo umetawanya matawi, na miiba imejaa njiani. Siku ya kujaribu njia kwa baiskeli pancha zilifuatana mpaka gundi ikaisha. Na juu ya miiba ya mgunga kuna mbigili, kile kimmea kinachotambaa chini chenye maua madogo ya njano, tunda lake likikauka linagawanyika vipande vyenye pembe, na hata lidondoke vipi lazima pembe moja iangalie juu. Matairi ya watoto ni membamba, inapenya mpaka ndani.

Tulivyohangaika. Maji ya kuziba pancha yanauzwa mjini ila kwa familia yenye baiskeli tatu ni hela ndefu, hatukwenda huko. Tyubu mpya nene, 7,000 moja, ilisaidia kidogo tu. Fundi akatuonyesha njia ya mafundi wa zamani, unachukua tairi kuukuu lililolainika, unakata zile waya za pembeni unazitupa, unabaki na mkanda wa katikati, unaulaza ndani ya tairi jipya kabla ya tyubu. Miiba ikaacha kuingia. Lakini baada ya muda pancha zikarudi, na safari hii tundu lilikuwa upande wa ndani, hamna mwiba wowote. Tukafungua tukakuta pale ncha mbili za mkanda zinapokutana pana ukingo mkali, unasugua tyubu taratibu mpaka inatoboka. Dawa yake ni kusugua zile ncha na msasa mpaka ziwe nyembamba kama karatasi, zipandane kidogo, afu unapaka poda ya watoto ndani. Toka hapo tumetulia. Gharama ni 3,000 kwa tairi kama fundi ndo anakata, bure ukikata mwenyewe.

Baiskeli inakuwa nzito kidogo, watoto wamelalamika siku ya kwanza, wamezoea.

Boma ya miiba tumeiondoa yote. Maduara kwa sasa yana mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, na mtu mzima anasimama hapo watoto wakipita. Suluhisho la kudumu bado tunatafuta.

8 Agosti, Nane Nane: Familia za kwanza

Sikukuu, watu wako nyumbani, tukaona ndo siku. Tuliondoka saa tatu asubuhi baada ya chai, familia kadhaa, wadogo kwenye keria, wakubwa na baiskeli zao. Kalavati tulipita vizuri, watoto waliimba humo ndani wasikie sauti zao. Kwenye misingi ya zege tulikaa tukala viazi na mayai.

Shida ilianza kama saa tano. Agosti huku upepo ni mkali, na njia ilikuwa inapita upande wa magharibi wa rundo kubwa la marudio. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki. Ukanyanyuka, ukatumwagia vumbi lote. Vumbi lile ni jiwe lililosagwa karashani, laini kama unga, linaingia mapafuni na halitoki. Mtoto mmoja mwenye pumu alianza kukohoa, tukamfunga kitambaa kibichi puani, tukageuza wote, tukatoka kwa kukimbia.

Tulivyofika kwenye kivuli tukagundua watoto wawili wana tope mkononi, wamelichota kwenye mwalo wa zamani, pale wachimbaji walipokuwa wanaoshea mchanga wa dhahabu, uliokuwa na unyevu, wanatengeneza vyungu. Hapo ndo moyo uliniruka. Wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki, wanaichanganya na mchanga uliosagwa, inashikana na dhahabu, afu wanaichoma zebaki iende hewani. Inayobaki inakaa kwenye marudio na kwenye tope la mialo miaka na miaka. Jua haliimalizi. Na inayoumia zaidi ni akili na mishipa ya fahamu ya watoto wadogo na wa tumboni. Tuliwanawisha kwa maji ya kunywa yote tuliyokuwa nayo na sabuni ya mama mmoja aliyekuwa nayo kwenye mkoba.

24 Agosti: Njia imegeuzwa

Baada ya Nane Nane wazazi wengine walitaka tuache. Tulikaa, tukakubaliana tuendelee kama haya yatabadilika, na yamebadilika.

Njia sasa inapita mashariki ya marudio, upepo unatupiga kabla ya kufika kwenye vumbi. Imeongezeka kilomita moja na kitu. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tatu tuko nyumbani, upepo haujaamka. Ukiamka mapema tunarudi.

Mialo na mabwawa ya zamani yako nje ya njia kabisa, hata kwa kuangalia. Kuna sehemu za machimbo siku hizi watu wanarudia kuchenjua marudio kwa sayanaidi kwenye matenki, nayo ni sumu kali, kwa hiyo mtoto anafundishwa hivi: maji yoyote ya machimboni hayanywewi, hayaguswi, hata yawe meupe kiasi gani. Kuchemsha hakuondoi zebaki, unaigeuza mvuke tu unaivuta. Maji tunabeba ya nyumbani, lita moja na nusu kila mtoto.

Mwisho wa njia tumeweka kibuyu chirizi, dumu dogo la lita tatu na kamba ya kukanyaga, sabuni imening'inia. Hakuna anayekula kabla hajanawa. Viatu vinaachwa nje ya nyumba na nguo za siku hiyo hazichanganywi na za mtoto mchanga. Boksi la huduma ya kwanza 35,000.

14 Septemba: Alama, mchwa na tembo

Tulikuwa tumechomeka vibao vya mbao vyenye mishale, 65,000 mbao na misumari na kazi. Mchwa wamevila. Vingine vimesimama kwa nje, ukigusa vinabaki vumbi. Oili chafu tuliyopaka chini haikusaidia. Hela hiyo imeenda.

Chokaa kwenye mawe nayo ilikuwa inafifia, mifuko miwili 24,000 na ikawa inatoka ukishika. Fundi rangi akasema tuweke chumvi kwenye maji ya chokaa, tuipake jiwe likiwa limelowa. Imeshika vizuri zaidi. Chokaa sasa ina maana moja tu: jiwe jeupe ni hatari, upande huo usiende.

Njia salama ilihitaji alama nyingine, na watoto ndo walichagua. Kwenye mapumziko mzee wa mtaimbo alikuwa anawasimulia habari ya vita ya kwanza, meli za Waingereza zilivyoziba bahari, pesa za Wajerumani zisipate njia ya kuingia, wakaamua kugonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916. Sarafu ya rupia 15, ya dhahabu, ina tembo aliyeinua mkonga na nyuma yake Kilimanjaro, na dhahabu yake ilitoka hapa hapa Sekenke. Watoto walinyamaza kimya. Binti mmoja akauliza kama ilitoka kwenye duara lile lenye jiwe jeupe, mzee akamwambia inawezekana babu yake ndo aliibeba kichwani. Hapo hapo wakasema alama ya njia iwe tembo.

Kwa hiyo kila mita mia hivi kuna jiwe kubwa lenye tembo wa bluu, mkonga unaonyesha pa kwenda. Rangi ya mafuta lita 4 na brashi, 56,000. Mvua na mbuzi haviwezi kuila, na mtoto wa miaka mitano asiyejua kusoma anaifuata.

5 Oktoba: Mchanga na breki

Fupi. Kuna korongo lenye mchanga mzito, watoto walikuwa wanaanguka. Kupunguza upepo wa matairi kulisaidia, ila ule mkanda wa ndani unahama tairi likiwa laini, kwa hiyo tumerudisha upepo na hapo watu wanashuka wanakokota. Kuna kateremko karibu na kifusi: baiskeli za watoto za mtumba nyingi hazina breki ya mbele inayoshika, mpira umekauka. Mipira mipya 2,000 jozi. Asiye na breki mbili anashuka kwa miguu, tunakagua kabla ya kuondoka.

23 Novemba: Mvua ya kwanza, njia imefungwa

Mvua imepiga mapema wiki hii na njia tumeifunga mpaka Mei. Kalavati lina maji, na yakishuka kutoka mlimani yanakuja kwa ghafla. Upande wa tambarare ni udongo mweusi wa mbuga, unang'ang'ania tairi mpaka gurudumu haligeuki. Na maduara: maji yanalainisha kuta, jana duara moja limemeza ukingo wake na jiwe jeupe tuliloweka pembeni limeingia nalo. Halikuwa karibu na njia lakini tumeliona kwa macho.

Hela iliyotumika kwenye njia, ukiacha baiskeli za watu na matengenezo yake: posho 90,000, mbao 65,000, chokaa 24,000, rangi na brashi 56,000, huduma ya kwanza 35,000. Jumla 270,000, michango ya familia.

Uzio wa maduara ndo kazi ya kiangazi kijacho. Tulitaka kupanda minyaa, inashika haraka na mbuzi hawaili, ila maziwa yake yakiingia jichoni mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona, tumeachana nayo. Mbono kaburi hivyo hivyo, mbegu zake watoto wanazila wakidhani karanga. Tumeamua kujenga ukuta wa mawe wa kufika kiunoni, mawe yatoke kwenye vifusi vilivyo mbali na mdomo wa shimo, mwenye leseni amekubali kwa maandishi. Hatuanzi mpaka ardhi ikauke, na kila ukuta unasogezwa nje ya tumbo la duara, kwa hiyo mzee na mtaimbo wake watapita kwanza Mei, njia nzima upya, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa na kabla ya baiskeli yoyote kuvuka kalavati.